Sauti moja, watu wawili

Filamu tuliyoonyeshwa darasani ni fupi na haina hata mtu mmoja. Ina pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na mstatili wenye kijimlango kinachofunguka na kufungwa. Wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliandika kuihusu mwaka 1944, huko Marekani. Mhadhiri alituonyesha, kisha akatuambia tuandike tulichokiona.

Jirani yangu akaandika kwamba landilodi amekuja kudai kodi, mpangaji amegoma, na binti kajificha chumbani. Wa nyuma yangu alishikilia kuwa huyo mkubwa ni mume mlevi. Mwingine alikuwa na huruma zake: "Maskini, kadogo kametoroka!" Kadogo kenyewe ni duara. Katika kundi la kwanza la Heider na Simmel, watu 34, mmoja tu ndiye aliyeeleza maumbo kama maumbo. Darasani kwetu hata huyo mmoja hakupatikana.

Somo linaitwa utambuzi wa kijamii, na kwa kiasi kikubwa ni hilo: tunaonyeshwa kidogo, yaliyobaki tunajaza wenyewe.

Mimi lakini aliyeninasa ni mwanasaikolojia mwingine, Solomon Asch. Mwaka 1946 aliwasomea watu sifa za mtu fulani: ana akili, hodari, mchapakazi, mkunjufu, na kadhalika. Kundi la pili likasomewa orodha ile ile, ila badala ya mkunjufu akawekwa mkavu. Basi. Kundi la kwanza likamwona mkarimu na mcheshi, la pili likamwona mchoyo. Harold Kelley akalipeleka jambo hilo darasani mwaka 1950. Mwalimu mgeni alikuwa mmoja, kipindi kimoja, ila vikaratasi vya kumtambulisha vilitofautiana. Walioambiwa ni mkunjufu, asilimia 56 walichangia mjadala. Walioambiwa ni mkavu, asilimia 32 tu.

Sifa moja inayopindua nyingine zote? Yangu naijua: Kiswahili.

Nimekulia katika barakisi, yaani kambi, ya polisi hapa Kampala. Mule ndani kuna Waacholi, Wateso, Walugbara, Wasamia, na watoto wote tulikuwa tukigombana kwa Kiswahili. Nje ya geti mambo ni mengine. Nipande takisi pale Wandegeya, nisalimie kwa Kiganda, naitwa "nnyabo", yaani bibie, vizuri tu. Simu ya mama ikiita, nikaipokea kwa Kiswahili, dada wa pembeni anahamisha mkoba wake, anaupakata upande wa dirishani. Kondakta naye ananigeuza "afande" hapo hapo, na chenji yangu inakuja bila kudaiwa. (Hilo la chenji silikatai.)

Siwalaumu. Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya wanajeshi tangu siku za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, na wazee wengi waliosalia kutoka enzi za Amin, 1971 hadi 1979, walikisikia kwenye mtutu wa bunduki. Baraza la mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, halikuweza kuidhinisha pia kwamba dada yule atulie na mkoba wake. Kinachoniudhi ni kwamba vitabu tunavyosoma vimejaa wanafunzi wa Marekani, wakati takisi zetu ni maabara zinazotembea.

Kwa hiyo utafiti wangu wa mwisho nimeujenga juu ya njia ya Wallace Lambert na wenzake, waliyoitumia Montreal, Kanada, mwaka 1960. Mtu anayejua lugha mbili barabara anarekodiwa akisoma maneno yale yale, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza. Wasikilizaji wanadhani ni watu wawili, kisha wanawapa alama: nani ana akili, nani wa kuaminika. Montreal hata wenye Kifaransa chao waliipendelea sauti ya Kiingereza. Mimi nitaweka Kiganda na Kiswahili, na nina hamu hasa ya kuona sisi wa barakisi tutajipa alama gani wenyewe.

Kilichobaki ni sauti. Kaka yangu amejitolea, ila Kiganda chake akifungua mdomo tu unajua geti alilotokea, na hapo jaribio limekufa. Namtafuta mtu anayezimudu zote mbili kiasi kwamba kila upande utamdai kuwa wake. Nauli juu yangu, na rolex (chapati yetu ya kuviringisha) ya mayai mawili.