Wastani wa Mwinuko Hautoshi Kuujua Mlima

Mtu anayejiandaa kupanda milima ya Ufaransa kwa baiskeli ya mbio huanza kwa kutafuta namba mbili, yaani urefu wa njia na wastani wa mwinuko wake. Kwa Mont Ventoux, ukianzia kijiji cha Bédoin huko Provence, ataambiwa kuwa njia ina kilomita 21 na ushei na wastani wa asilimia 7.5, maana yake ni kwamba katika kila mita 100 za barabara atapanda mita saba na nusu. Namba hizo ni za kweli. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuipanda milima hiyo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wastani ndiyo habari inayomsaidia mpandaji kidogo kuliko zote, kwa sababu haumwambii ugumu umewekwa wapi, na hilo ndilo linaloamua kama atafika kileleni akiwa bado ananyonga au akiwa anaikokota baiskeli kwa mkono.

Ventoux ni ushahidi mzuri. Kutoka Bédoin barabara hupita katikati ya mashamba ya mizabibu kwa zaidi ya kilomita tano bila kumsumbua mtu, na hapo ndipo wengi hujisikia wana nguvu za ziada na kuanza kwenda kasi. Kisha inafika kona ya Saint-Estève, barabara inakata kushoto na kuingia msituni, na kuanzia hapo kwa karibu kilomita kumi mwinuko hucheza kati ya asilimia 9 na 10 kwa sehemu kubwa ya njia. Kona kali za kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi ni chache, upepo hauingii vizuri kati ya miti, na siku ya joto hewa husimama kabisa. Zile kilomita tano za mwanzo ndizo zilizoushusha wastani hadi asilimia 7.5, aliyejipangia nguvu kwa kuufuata wastani huo hukwama humo msituni, na nimewapita wengi wakiwa wameegemea baiskeli zao kando ya barabara, watu ambao muda mfupi kabla walikuwa wamenipita mimi kwenye mizabibu.

Hesabu yenyewe haina siri. Kwenye tambarare, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa anayoipasua, lakini kwenye mwinuko mkali mwendo ni mdogo mno hata hewa haina uzito mkubwa katika hesabu, na nguvu karibu yote huishia kuunyanyua mwili na baiskeli. Chukua mpandaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 85: akipanda mwinuko wa asilimia 9 kwa kilomita 10 kwa saa, anahitaji wati 210 hivi kwa kazi ya kunyanyua peke yake, kabla hujahesabu msuguano wa matairi. Akitaka kwenda kilomita 12 kwa saa, ambazo kwa macho ni tofauti ndogo, atahitaji wati 250 hivi, na pengo hilo la wati 40 ndilo linalotenganisha mwendo unaoweza kudumu saa nzima na mwendo unaomaliza miguu kwa dakika chache.

Kwa hiyo gia nyepesi si jambo la kuonea haya. Ukiwa na gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 34, kila mzunguko wa pedali huzungusha gurudumu mara moja, na ukinyonga mizunguko 70 kwa dakika utakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, mwendo unaotosha kabisa kwa msitu wa Ventoux. Mwenye meno 39 mbele na 25 nyuma, kwa mwendo uleule, atalazimika kusukuma pedali kwa mizunguko 45 hivi, na magoti yake yatalalamika kabla ya mapafu. Tukumbuke pia kwamba hadi mwaka 1937 washindani wa Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa, hawakuruhusiwa kutumia mtambo wa kubadilisha gia wakiwa njiani, na walivuka milima hiyohiyo juu ya barabara za vumbi na mawe. Heshima yangu kwao haina kipimo.

Alpe d'Huez, kwenye milima ya Alpi, huupanga ugumu wake kinyume kabisa. Kilomita zake 13.8 zina wastani wa asilimia 8.1, lakini sehemu kali zaidi ziko mwanzoni, mara tu unapoliacha bonde la Bourg d'Oisans, ambapo barabara hupanda kwa takriban asilimia 10 kabla miguu haijapata joto. Kona zake maarufu 21 zimepewa namba zinazohesabiwa kwenda chini, na kwenye vibao vyake yameandikwa majina ya walioshinda mlimani hapo, akitangulia Fausto Coppi aliyeshinda mwaka 1952. Hapa kona ni rafiki, kwani kwenye kona zenyewe barabara hulala kidogo, na anayepitia upande wa nje hupata mizunguko kadhaa ya pedali iliyo myepesi. Ushauri wangu ni kuzipanda kilomita mbili za kwanza polepole hata kama unapitwa na kila mtu, kwa sababu deni la mwanzo halilipiki tena juu ya mlima huu.

Tourmalet, kule kwenye milima ya Pirenei, unafanana zaidi na Ventoux. Kutoka Sainte-Marie-de-Campan hadi juu, kwenye mita 2,115, ni kilomita 17 hivi; zile za kwanza nne ni za kupumzikia, halafu barabara hukaza hadi kituo cha kuteleza kwenye theluji cha La Mongie na kuendelea. Katika kijiji hicho cha Sainte-Marie-de-Campan ndipo mwendesha baiskeli Mfaransa Eugène Christophe alipoitengeneza mwenyewe kwa moto na nyundo foku yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyovunjika kwenye Tour ya mwaka 1913, baada ya kutembea zaidi ya kilomita kumi akiwa amebeba baiskeli.

Jambo moja ambalo Wafaransa wamelifanya vizuri sana ni kuweka vibao kila kilomita kwenye njia nyingi za milimani, vikionyesha umbali uliobaki, kimo ulichofikia na mwinuko wa kilomita inayofuata. Hiyo ndiyo namba ya kuifuata. Kibao kikisema asilimia 6, kunywa maji na kula hapo; kikisema 10, kaa kwenye tandiko, legeza mabega na uache mwendo ushuke wenyewe.

Kwa anayeupanda Ventoux mara ya kwanza, ningependekeza aanzie Sault. Njia hiyo ni ndefu zaidi, karibu kilomita 26, ila ni laini zaidi, na inaungana na ile ya Bédoin pale Chalet Reynard, ambapo miti huisha na mawe meupe huanza. Kutoka hapo kilomita sita za mwisho ni zilezile kwa wote wawili, pamoja na upepo ambao mwaka 2016 uliwalazimisha waandaaji wa Tour kuuondoa mstari wa kumalizia kileleni na kuushusha hadi hapo Chalet Reynard. Tofauti ni kwamba aliyetoka Sault huzianza akiwa bado na miguu ya kuzipandia.