Sichori, nabeba mifuko: siku yangu moja kwenye studio ya anime

Saa nne asubuhi ndiyo alfajiri yangu, maana jana niliingia kitandani saa kumi usiku. Chai hakuna. Nanunua kahawa ya kopo na mkate wenye maharage matamu, navila nikitembea. Nakaa Suginami, magharibi mwa Tokyo. Eneo hili limejaa studio za anime, yaani katuni za Kijapani, ila ukipita hutazijua. Nyingi ni vijighorofa viwili vitatu, baiskeli zimerundikana mlangoni na mapazia yameshushwa mchana kutwa. Anayetarajia jumba lenye sanamu la kupigia picha huishia kuniuliza kama tumepotea njia.

Saa tano na nusu mama anapiga kutoka Tanga, kwake ndiyo kwanza kunapambazuka.

"Mwanangu, leo unachora nini?"

"Mama, sichori."

Mwaka wa tatu huu namwambia hivyo, na mwaka wa tatu huu anawaambia majirani nachora. Kazi yangu kwa Kijapani huitwa seisaku shinko, mtu wa kuisukuma kazi mbele. Kipindi kimoja cha televisheni, dakika ishirini na kitu, kina shoti kama 300, yaani vipande vya picha visivyokatwa. Wenyewe shoti moja huiita kato, na kila kato ina mfuko wake wa karatasi ngumu, mbele umepigwa chapa jedwali la namba ya kipindi, namba ya kato, urefu kwa sekunde, na vyumba vya mihuri ya kila aliyeugusa. Mimi nimekabidhiwa kipindi cha tisa. Mfuko ukichelewa naulizwa mimi, na ukipotea, bora nisiseme.

Mchana: mifuko kumi na mmoja kutoka, saba kuingia, simu nne za kubembeleza wachoraji, mbili hazikupokelewa. Nikala wali baridi nimesimama.

Saa nane wakaja wageni.

Studio kwa kawaida hazipokei watalii. Anayetaka kuona mambo haya huelekezwa kwenye makumbusho ya anime ya Suginami pale Ogikubo, ambayo hayana kiingilio, au ya studio ya Ghibli kule Mitaka, ambako bila tiketi ya kukata mapema huingii. Hawa tisa walitoka shule ya lugha ambayo mkuu wake anafahamiana na bosi wetu. Kwa kuwa najua Kiingereza, nikatolewa kafara.

Tulivyopanga viatu tu, kijana mmoja akanitazama usoni. "Dada, samahani. Wewe si wa kwetu?"

"Kwetu wapi?"

"Kisumu mimi."

"Mimi Tanga."

"Aki! Na unachora nani humu?"

"Sichori, ndugu yangu. Nabeba hii." Nikamwonyesha mfuko. Akaugeuza mbele na nyuma. "Hii tu?" Hii tu.

Huwa nina mfuko wa maonyesho, wa kato ya kipindi kilichokwisha kurushwa, nao ndio ninaofundishia. Kwanza ekonte, yaani hadithi nzima iliyochorwa kwa vijipicha, ambamo mwongozaji huamua kamera inasimama wapi na mtu anasema nini. Kisha mpangilio wa shoti. Kisha genga, michoro mikuu: mkono ulipoanza kunyanyuka, ulipofika. Msimamizi wa michoro huirekebisha juu ya karatasi ya manjano ili sura ya mhusika ibaki ile ile, maana kila mchoraji ana mkono wake. Halafu ndipo douga, michoro ya katikati, inayojaza safari ya ule mkono. Hiyo hulipwa kwa karatasi, yeni mia chache kila moja, na ndiyo anayoanzia karibu kila mchoraji. Rangi, mandhari, kuunganisha vyote na sauti huja baadaye, na sehemu kubwa ya douga na rangi hufanywa na studio za Korea Kusini, China na Vietnam.

Sekunde moja ina fremu 24, lakini hatuchori 24. Mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu tatu, kwa hiyo nane zinatosha. Wageni hufurahi wakisikia hivyo, kana kwamba wamegundua tunaiba.

Sasa, kulikuwa na baba mmoja amefuatana na binti yake. Binti kimya, anaandika. Baba anarekodi. Nikamwambia kwa heshima kuwa kilichoko mezani hakijarushwa, picha hairuhusiwi. Akashusha simu hadi kifuani, taa yake ikiwa bado inawaka. Nikarudia. Akauliza kwa nini kompyuta isichore yote. Nikamjibu kwamba nusu ya wachoraji wetu wanatumia tableti, ila tableti haichori, anachora mtu. Akasema kaona kwenye intaneti. Nikasema sawa, baba. Akauliza mimi nachora ipi. Nikasema sichori. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa tiketi bandia, akauliza kama kuna mwingine wa kuwatembeza, "mtu wa anime hasa".

Nikameza. Niliwaketisha kwenye meza ya taa wajaribu wenyewe: karatasi zina matundu matatu, la katikati duara na mawili ya pembeni marefu, unazivisha kwenye vipini ili zisicheze, kisha unatafuta mstari ulio katikati ya mistari miwili. Kijana wa Kisumu alitoa ulimi nje dakika kumi kwa ajili ya kidole kimoja cha mhusika. Nilipogeuka kumsifu, yule baba alikuwa amechomoa karatasi kutoka rundo la meza ya jirani, rundo la kazi ya kweli, kainyanyulia taa, na binti anamsihi aiache. Nikamnyang'anya. Nasema kweli, nilimnyang'anya. Nikaichomeka kwenye mfuko, nikainama, nikaomba radhi mimi, eti ndiyo adabu, nikawasindikiza mlangoni nikitabasamu hadi mashavu yakauma.

Tangu hapo saa sizikumbuki vizuri. Giza liliingia. Nilichukua gari la studio, nikazunguka mtaa jirani wa Nerima kukusanya genga kwa wanaofanyia kazi nyumbani. Mmoja alisema nusu saa tu, nikakaa ndani ya gari chini ya ghorofa yake nikitazama dirisha lake, saa nzima na ushei. Hata hasira sikuwa nayo. Dirisha lilikuwa linawaka taa, na kivuli chake kilikuwa kimeinama.

Simu ikaita. Mkaguzi wa douga, mama mtu mzima asiyepandisha sauti.

"Kato 147. Karatasi ya A8 ipo, A10 ipo. A9 iko wapi?"

Treni za mwisho zilishapita niliporudi. Nilitafuta chini ya meza, kwenye skana, kwenye mifuko ya jirani, kwenye pipa la karatasi, mikono ndani hadi kwenye viwiko. Kuagiza upya kungekula siku, na hatuna siku. Saa nane usiku nikakaa sakafuni nikaufungua mfuko wa maonyesho ili niupange tu, nipate cha kufanya. A9 ilikuwemo. Niliichomeka humo mwenyewe, kwa haraka ya kumfukuza yule baba.

Pembeni ilikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi ya penseli.

Mkaguzi aliiweka kati ya A8 na A10, akazipitisha kurasa katikati ya vidole vyake, mbele na nyuma, mkono ukanyanyuka. Akachukua kifutio, akalifuta lile dole taratibu bila kugusa mstari, akapuliza vumbi, akagonga muhuri, kisha akanisukumia mfuko niupeleke kwenye skana.