Mabakuli ya Mama

Nyumbani kwetu Magomeni futari haijawahi kuliwa na wenye nyumba peke yao. Mama hupika kana kwamba kaalika mtaa mzima. Ikikaribia magharibi sisi wanawe, hata wenye watoto wetu, tunageuka wapagazi: muhogo wa nazi kwa bibi wa nyumba ya kona, tambi kwa mafundi wa gereji, uji wa pilipili manga kwa mlinzi. Kazi ilikuwa nyepesi kwa sababu ya rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki. Unafunga fundo, unaning'iniza kwenye geti, unapiga hodi na kuondoka mtu hajatoka.

Kwa baba wa nyumba ya pili ndivyo tulivyokuwa tukifanya hasa. Tangu uchaguzi wa 2015 salamu zilikuwa zimebaki za barabarani. Mjomba wangu ni kada wa chama tangu enzi za chama kimoja, na yule baba alikuwa upande wa pili, tena hakuficha. Futari aliletewa, maana Ramadhani ni Ramadhani, lakini ilifika kwake kama barua ya mkopo: inaachwa mlangoni, mwenye kuileta haonekani.

Ndipo ikaingia Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2019, siku chache kabla ya Idi. Kuanzia siku hiyo mifuko ya plastiki ilikuwa marufuku Tanzania Bara. Hatukushtukizwa. Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amelitangaza bungeni Dodoma, na wala hatukuwa wa kwanza: Rwanda waliianza safari hiyo mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na Zanzibar walikwisha kupiga marufuku yao miaka mingi nyuma. Ukikutwa nayo, faini ni shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Mama aliyasikia yote redioni, akasema, "Serikali ina mambo," akaendelea kuyakunja marambo yake chini ya godoro.

Kilichomuuma hakikuwa kubebea vitu sokoni, kapu analo. Rambo lilikuwa linafunikia wali upikike kwa mvuke, na lililochakaa linawashia mkaa. Moshi ule mweusi tumeuvuta tangu utotoni, tena aliyeinama juu ya jiko ni mwanamke kila siku. Kwenye mikutano yote ya mazingira niliyowahi kuhudhuria nimesikia habari za mitaro, ng'ombe na samaki. Habari za pafu la mpishi sijazisikia bado.

Alasiri ile mjomba aliingia na bunda la mifuko mipya kutoka Kariakoo, ile laini ya rangi rangi inayofanana na kitambaa. Akaitua mezani kwa fahari, utadhani kaishona yeye.

"Haya, mbadala huo. Mnalalamika nini tena?"

Binti wa dada yangu, wakati huo kidato cha tatu, mchukua kemia, akakata kipande kwa kisu cha mama na kukisogeza kwenye kaa la moto. Kikasinyaa, kikajikunja, kikadondosha tone.

"Babu, hii nayo ni plastiki. Ni polipropilini. Nyuzi zake zimebanwa tu zikaonekana kitambaa."

"Serikali imeiruhusu."

"Imeiruhusu, sijakataa. Ila ni plastiki."

Mjomba akageuza mfuko ndani nje, kama anayetafuta mahali pameandikwa vingine. Binti hakuwa mkorofi. Akamweleza kwamba huu mnene unaweza kuutumia mara nyingi, na rambo lile jepesi unalitumia mara moja, linaruka na upepo, linaishia mtaroni, na kwamba tofauti yote iko hapo. Mjomba akasema hayo ndiyo aliyokuwa anayasema tangu mwanzo. Hakuyasema, lakini alikuwa amefunga, tukamwachia.

Mama hakutaka kusikia habari ya kutia muhogo wa moto kwenye kitu kinachoyeyuka. Akafungua kabati la vyombo vya harusi yake. Yakatoka mabakuli ya maua, zikatoka hotpoti, likatoka sinia na kawa. Mimi nikapewa la baba wa nyumba ya pili. Bakuli hulining'inizi kwenye geti, na la harusi ya mama huliachi chini.

Akafungua mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo imekuja na chombo?"

"Marambo yamekatazwa, baba."

"Nimesikia. Kwa hilo tu nakubaliana na mjomba wako. Usimwambie." Kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba Jangwani haitaacha kufurika kwa sababu ya marambo kuondoka, maana bonde la Msimbazi limejaa mchanga na majengo, na majengo yalipewa vibali na watu wenye mihuri. Akaendelea hivyo mpaka adhana ikatukuta pale mlangoni, akanipa tende, nikafungulia kwake. Miaka minne sikuwa nimelikanyaga baraza lile.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Kesho yake bakuli lilirudi na mjukuu wake, limejaa machungwa ya kwao Muheza, limewekwa kwenye sinia la kwao. Sinia nalo likataka kurudishwa, na likirudi halirudi tupu. Mpaka Idi inafika mjomba na yule baba walikuwa wanatumiana vyombo kila jioni na kubishana juu ya bonde la Msimbazi ana kwa ana. Hakuna aliyebadilisha chama.

Haikuchukua muda, vile vifungashio vyeupe vya karanga na barafu vikaanza kubebewa nyanya sokoni, rambo likawa limerudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2021 serikali ikalazimika kuvitangazia marufuku navyo. Mama hakuvitumia hata kidogo. Sababu yake haikuhusu mazingira wala sheria: alisema hotpoti yake moja bado iko kwa mafundi wa gereji, na asipowapelekea nyingine hawatakumbuka kuirudisha.