Nimetumwa na baba

Hili sijawahi kuliandika popote. Kuanzia 2012 hadi mwanzoni mwa 2017 nilikuwa na kaduka Pasua hapa Moshi, kaduka ka dirisha lenye nondo, unga, mche wa sabuni, mafuta ya kupima, vocha, na pale juu karibu na biskuti nimetundika viroba. Wale mliokuwepo mnavikumbuka, zile pakiti za pombe kali ambazo mtu anang'ata kona anamimina mdomoni anaendelea na safari. Mia tano tu. Vilikuwa vinatoka kuliko hata sukari na wala nilikuwa siwazi, mteja anakuja anatoa hela unampa anaondoka.

Kulikuwa na dogo mmoja wa form one, kwao nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anakuja jioni bado na yunifomu, begi mgongoni, adabu zote. "Shikamoo mama. Nimetumwa na baba, viroba viwili." Marahaba mwanangu, nampa, namwambia msalimie baba. Keshokutwa tena. Alafu tena. Ilienda kama miezi mitatu hivi, mpaka siku nakutana na mama yake soko la Mbuyuni, tunachagua nyanya, tunaongea za kawaida, namuuliza mzee hajambo, ananijibu mbona mume wangu yuko migodini Mererani tangu Pasaka hajakanyaga nyumbani. Na hapo tulikuwa tunaingia Agosti.

Sikumwambia siku ile, nilishindwa. Nilienda kwake baada ya siku mbili nikamweleza yote, nikijua kabisa naweza kutukanwa na ningestahili. Hakunitukana. Alikaa chini kwenye kigoda akaniuliza swali moja tu, "ulikuwa humuulizi?" Nilikuwa simuulizi. Lile neno "nimetumwa" lilinitosha, kwasababu na mimi nimekua natumwa, sote tumekua tunatumwa, mtoto wa kiafrika akisema ametumwa na mkubwa unamhudumia haraka ili asichelewe kurudi akachapwa.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, yuko Dar, habari zake nazipata kwa mama yake. Kuna miezi anaacha, kuna miezi anarudia. Shule aliishia form three.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku viroba nchi nzima na mimi kabla ya hapo nilishavishusha, na mwaka huo huo nikafunga duka nikaingia kwenye mitumba Memorial. Marufuku ilisaidia sana, hilo nalisema wazi, maana kiroba kilikuwa kinaingia kwenye soksi ya mwanafunzi. Lakini sasa hivi kuna vile vichupa vidogo vya plastiki na watoto wanavijua kwa majina yote.

Sasa kikundi chetu. Sisi ni wamama wa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, tupo kumi na mmoja, tuna mwalimu mmoja mstaafu wa kike ambaye ndio kichwa chetu na vijana wawili waendesha bajaji. Hatujasajiliwa kama shirika, hatuna ofisi wala mfadhili, kila Jumapili mtu anaweka elfu mbili kwenye kasanduku pembeni ya hisa zake basi. Tulianza baada ya sherehe moja ya ubarikio huko juu kuelekea Kibosho, watoto wanne wa kati ya miaka 14 na 16 walipanda pikipiki moja usiku wakiwa wamelewa, wakaingia mtaroni. Mmoja alivunjika paja. Na walilewa wapi? Pale pale kwenye sherehe, mbele ya wazazi, wachungaji na emsii. Walikuwa wanakusanya chupa tupu kurudisha kwenye kreti, na chupa za sherehe huwa haziishi, kila moja ina fundo moja au mawili chini. Ukikusanya chupa hamsini umeshakunywa bia za kutosha na hakuna aliyekuona ukinunua.

Kwanza tulitaka kufanya kile ambacho kila mtu anafanya, kwenda mashuleni kutoa semina. Mwalimu akakataa. Akasema miaka 34 nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia pombe ni mbaya na hakuna hata mmoja alikuwa hajui, nyie kawaulizeni wanaipata wapi. Basi tukaomba ruhusa shule moja, tukagawa vipande vya karatasi kwa form two, hakuna kuandika jina, andika tu mara ya kwanza ulionja pombe ilikuwa wapi na nani alikupa, kama hujawahi andika sijawahi. Karatasi zikakusanywa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Tulikaa jioni kwa mwalimu tukizisoma moja moja kwa sauti na kadiri tunavyosoma sauti zinapungua.

Baa haikuandikwa karibu kabisa. Waliandika kwa bibi. Kwenye msiba wa babu. Krismasi wajomba walipokuja kutoka Dar. Mmoja kaandika, nimeikariri, "baba mdogo alinipa chupa yake nimshikie akaenda kucheza mziki". Na wengi sana, wengi mno, waliandika nilitumwa nikaonja njiani.

Hapo ndio tukajua kazi yetu ni nini. Mtoto sio wa kufuatwa darasani, ni sisi wa kufuatwa majumbani na madukani.

Tukaanza na maduka. Unajua kisheria hili jambo lilishamalizwa zamani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumuuzia mtoto pombe na inakataza kumruhusu mtoto kuingia baa au klabu ya usiku, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Haisemi isipokuwa ametumwa. Lakini nenda kamwambie hivo mangi dukani saa moja jioni. Wa kwanza tuliyemfuata alitusikiliza vizuri tu akatuletea na viti, alafu akasema, "Mama yangu, nikimkatalia huyu mtoto baba yake anahamia duka la pili, na akihama kwa bia anahama na kwa unga." Na alikuwa sahihi! Mimi nimekuwa na duka, najua. Ukimbana muuza duka mmoja peke yake umemfukuzia wateja tu, pombe inanunuliwa pale pale mita ishirini mbele.

Kwahiyo ilibidi mtaa mzima ukubali siku moja. Ilituchukua miezi mitano, nasema miezi mitano ya kwenda na kurudi, maduka na grosari 17, kuna mmoja tulimwendea mara tisa. Mwenyekiti wa mtaa alitusaidia sana hapa, aliita kikao akawaambia hamtafaidika kwa kunyang'anyana hawa watoto, kataeni wote kwa pamoja na baba mtu atakuja mwenyewe, ataenda wapi? Kumi na nne wakakubali. Tukatengeneza stika ya njano, imeandikwa HAPA HATUMUUZII MTOTO POMBE, HATA AKITUMWA, na chini namba 116, ile simu ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto anayehitaji msaada. Watatu waliokataa bado wanauza mpaka leo na hatujaacha kwenda.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Kuna baba mmoja alikuja dukani amefunga taulo kiunoni, ana hasira, anasema yani mimi nitoke kitandani nifuate bia wakati nina watoto watano ndani? Mangi akamwambia pole mzee wangu, ni makubaliano ya mtaa. Alinunua, akaondoka anasonya. Sasa hivi anakuja mwenyewe kila siku, amevaa vizuri, anakaa anapiga stori na wenzake kidogo ndio anarudi.

Kwenye mbege tulikwenda taratibu zaidi na naomba nieleweke. Mimi ni mchaga, mbege ni yetu, siwezi kukaa hapa niitukane. Ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa, zinachujwa, unakuja ulezi uliooteshwa ukasagwa, unakuja msesewe wa kuleta uchungu, ni kazi ya siku nyingi na ni ya akina mama, na watu wamesomeshwa mpaka chuo kikuu kwa ndoo za mbege. Bibi mmoja anayepika kwetu alitutazama tulivyoingia akadhani tumekuja kumfungia. Tukamwambia hapana bibi, tunaomba kitu kimoja tu, usimjazie mtoto dumu. Akanyamaza sana. Akasema yeye anawajazia maana watoto ndio wanaokuja, wakubwa wamekaa. Alafu akasema kuna kajukuu kake kenyewe kakitumwa kupeleka kata ya mbege kwa wazee kanarudi macho mekundu, na alikuwa anajiambia ni vumbi.

Siku hizi dumu likija na mtoto linalala kwake mpaka mwenyewe alifuate. Nilikuta siku moja madumu manne ya njano yamepangwa ukutani, tupu, kila moja limeandikwa jina kwa mkaa.

Mnaouliza madhara ni nini kama mtoto anaonja tu kidogo, mimi sio daktari lakini hili wataalamu wameshalisema vya kutosha, ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza mapema ana hatari kubwa zaidi ya kushindwa kuacha baadae. Na hatari ya haraka ni ajali. Pale hospitali ya KCMC watafiti walijaribu mpango unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, mtu mzima akiletwa amejeruhiwa na pombe imo, nesi aliyefundishwa anakaa nae kwa muda mfupi anaongea nae bila kumsuta, anamsaidia aone mwenyewe pombe imemfikisha wapi. Nilivyosikia hilo la bila kumsuta nikawaambia wenzangu, hivi ndivyo tuongee na wazazi. Kabla ya hapo tulikuwa na ukali, tunaingia nyumba ya mtu kama polisi, mlango unafungwa.

Mwalimu pia alitusomea habari za Iceland, kanchi ka baridi kule juu Ulaya. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, kufika 2016 ikawa asilimia 5. Walifanya nini? Wazazi waliwekeana makubaliano kwa maandishi, shule kwa shule, kwamba watoto hawatapewa pombe wala hawatazurura usiku, alafu watoto wakapewa michezo na muziki wa kutosha kwa hela ya umma. Sisi hela ya umma ya hivo hatuna. Lakini makubaliano ya wazazi hayahitaji hela, na nilifurahi kweli kusikia kwamba watu walioko mbali hivo walianzia pale pale tulipoanzia sisi.

Mlima wetu mkubwa bado ni sherehe. Kipaimara, ubarikio, komunio ya kwanza. Mtoto wa miaka 13 ndio mwenye shughuli, nguo nyeupe, keki, na nyuma yake ukutani kreti zimepangwa mpaka dirishani. Novemba iliyopita mama mmoja wa kikundi alifanya kipaimara cha binti yake bila bia. Juisi ya ukwaju, soda, togwa, nyama choma ya kutosha, ndizi za kila aina. Shemeji zake walimsema wiki nzima kabla. Siku yenyewe baba mkubwa wa mtoto aliulizia kinywaji, alivyoambiwa hakuna akainuka na wazee wawili wakaondoka kabla ya keki, na yule mama alilia jikoni, nilimshika mimi. Watu wengine walibaki. Waliimba mpaka saa tatu, na watoto ndio waliokusanya chupa za soda, na hakuna aliyekuwa anawachunga.

Sijui kama baba mkubwa amemsamehe. Krismasi hakuja. Gharama ya kazi hii ni hiyo, watu wa nyumbani kwako mwenyewe, na ningependa wanaosema wamama wa vikundi tunatafuta umaarufu wajue hilo.

Mwaka huu tumeomba familia sita zenye kipaimara na ubarikio. Mbili zimekubali kabisa. Moja imekubali nusu, bia zitakuwepo ila watahudumia watu wazima tu, chupa zitakusanywa na watu wazima na hakuna mtoto kushika kreti. Nimekubali hiyo nusu kwa mikono miwili.

Jumamosi jioni tuna mpira wa vijana uwanja wa shule ya msingi, wavulana saa tisa, wasichana saa kumi na nusu, maana Jumamosi jioni ndio muda wanaotumwa sana. Tulikuwa na mipira mitatu, miwili imepasuka. Kama upo Moshi na una mpira namba tano hata wa zamani, au nyavu, au rangi ya njano iliyobaki (stika zimeanza kupauka kwa jua, tunataka tuandike ukutani kabisa), njoo nayo. Na kama una duka mtaa wowote ule na ungependa stika, niambie tu, naileta mwenyewe.