Wiki za kabla ya goti jipya

Ukishapewa tarehe ya kubadilishiwa goti, unaanza kupiga hesabu za aina mbili. Za mchana ni vipimo, fomu na nani atakaa nawe. Za usiku ni nyingine kabisa: nikilazwa usingizi nisiamke je? Mguu ukigoma je? Nitakuwa mzigo kwa wanangu mpaka lini? Naandika kuhusu hesabu zote mbili pamoja, kwa sababu kwa ninavyoona hazitenganishiki. Mtu aliyekwisha kupanga nani atamsindikiza chooni usiku wa kwanza nyumbani hulala vizuri kuliko aliyeambiwa "usiogope" mara mia.

Kwanza kinachofanyika humo ndani, maana wengi hudhani goti zima hung'olewa na kutupwa. Sivyo. Daktari hukata nyuso zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi, kwa kawaida milimita 8 hadi 10 hivi kila upande. Ncha ya mfupa wa paja huvishwa kifuniko cha chuma, mara nyingi aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromi. Juu ya muundi huwekwa kisahani, mara nyingi cha titani, na katikati hukaa plastiki ngumu inayofanya kazi iliyokuwa ya gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele, huenda ikawekewa kitufe cha plastiki kwa nyuma, au ikaachwa ilivyo. Vipande vingi hushikishwa kwa saruji ya mifupa. Kazi yote huchukua saa 1 hadi 2.

Sasa angalia kisichobadilishwa: misuli. Paja lililonyauka kwa miaka ya kuchechemea litaingia chumba cha upasuaji limenyauka na kutoka limenyauka, tena likiwa na jeraha. Vivyo hivyo ukakamavu. Goti ambalo kabla ya upasuaji halikunji vizuri wala kunyooka, huwa gumu kulikunja na baadaye. Ndiyo maana wiki 6 hadi 8 za kabla ya upasuaji ni za mazoezi, si za kupumzisha goti "lisichoke kabla ya siku yake". Kati ya ushauri wote wa mitaani, huo wa kupumzika ndio unaonikera zaidi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. La kwanza: kaa kitandani mguu umenyooka, kandamiza nyuma ya goti kwenye godoro mpaka uone msuli wa mbele wa paja unasimama, shika sekunde 5, achia. Mara 10. La pili: kaza paja vilevile, kisha inua mguu mzima sentimita 20 hadi 30 na uushushe polepole. Hapa ndipo watu hukosea. Huinua kwanza, goti likalegea na kujikunja kidogo, kazi yote ikafanywa na nyonga. Kaza kwanza, ndipo uinue. Ukishindwa kulinyoosha, punguza kimo. La tatu: buruza kisigino kuelekea makalio, kisha kirudishe mpaka mguu unyooke kabisa. La nne ni kuinuka kitini bila kushika kitu. Kiti kikikushinda, weka mto mgumu juu yake na uupunguze siku nguvu zikiongezeka. Yote mara 2 au 3 kwa siku. Maumivu kidogo si tatizo, lakini asubuhi yake goti likiwa limevimba kuliko jana, punguza idadi, usiache. Na mikono isisahauliwe: jinyanyue kwa kusukuma mikono ya kiti, kwa kuwa siku za kwanza mikono ndiyo itakayobeba uzito wako.

Wakati huohuo vipimo vinaendelea. Mambo yanayosogeza tarehe mbele hujirudia: sukari isiyodhibitiwa, upungufu wa damu, jino bovu, kidonda mguuni, fangasi kati ya vidole, maambukizi ya mkojo. Watu hushangaa jino linahusiana vipi na goti. Vijidudu husafiri kwa damu, na vikifika kwenye chuma hujishikiza mahali ambapo dawa haziwafikii kirahisi. Maambukizi ya goti la bandia huwapata takriban watu 1 hadi 2 kati ya 100, lakini kwa atakayepatwa ni safari ndefu, na mara nyingine goti hufunguliwa tena. Basi meno yatibiwe mapema. Usinyoe mguu nyumbani kwa wembe, kwa sababu mikwaruzo midogo ni milango. Kama umechomwa sindano ya steroidi ndani ya goti, mtajie daktari tarehe. Wengi hutaka miezi 3 ipite. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, maana hupunguza damu inayofika kwenye jeraha.

Andika orodha ya kila unachomeza, pamoja na vipimo vyake: dawa za presha, za sukari, za kuzuia damu kuganda, mitishamba, virutubisho, vidonge vya usingizi. Baadhi husimamishwa siku kadhaa kabla, nyingine hazikatizwi hata asubuhi ya upasuaji; aamue daktari, si jirani. Na pombe sema ukweli. Mtu mzima aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka na kuchanganyikiwa wodini, na wauguzi wasijue chanzo.

Kuchanganyikiwa huko huwapata wazee hata wasiokunywa, na familia hutishika sana: baba anaita majina ya watu waliokufa, mama hajui yuko wapi. Kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Kunapungua mgonjwa akiwa na miwani yake, kifaa chake cha kusikia, saa anayoiona, na sura anayoijua kando ya kitanda. Hivyo ndivyo vya kwanza kuingia kwenye begi, kabla ya nguo.

Kuhusu usingizi wenyewe, magoti mengi leo hufanywa kwa sindano ya mgongo: miguu inakufa ganzi, unapumua mwenyewe, na unaweza kuongezewa dawa ya kukusinziza ili usisikie milio ya vyombo. Muulize mtaalamu wa usingizi moja kwa moja kile unachokiogopa. Kwa kawaida utaambiwa usile kwa saa 6 na usinywe hata maji kwa saa 2. Fuata saa ulizopewa na hospitali yako. Ganzi ikiwa bado mguuni usijaribu kusimama peke yako, hata ukijiona mzima. Goti hulegea ghafla, ukajikuta sakafuni.

Nyumbani, chukua futi ya kupimia. Kiti cha kukalia kiwe na mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50, kisichobonyea; ukikaa, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Sofa laini ni mtego. Choo cha kukaa kiinuliwe kwa kiti cha nyongeza. Kama ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti chenye tundu, maana kuchuchumaa hakutawezekana kwa miezi, na wengine hawakurudii tena. Ondoa mazulia madogo na nyaya za njiani. Weka taa kati ya kitanda na choo, na stuli isiyoteleza bafuni. Fremu ya kutembelea au magongo yarekebishwe kabla: simama wima, mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Mshikio ukiwa chini mno utainama, ukiwa juu mno mabega yatapanda. Ngazi zifanyie mazoezi sasa: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, unatangulia uliopasuliwa. Tena mikono yote miwili itakuwa na kazi, kwa hiyo chupa ya maji na simu vitakaa kwenye mfuko wa kuvaa shingoni au begani.

Halafu linakuja lile gumu kuliko mazoezi: kuomba. Aliyelea na kuuguza wengine maisha yake yote huona aibu kuogeshwa, na mara nyingi aibu hiyo huitwa "sitaki kuwasumbua". Usiiache mpaka siku ya kurudi. Kaa na watu wako ugawe kazi kwa majina: huyu kuoga, huyu dawa, huyu safari za kliniki. Si lazima mwanao akuogeshe kama wote wawili mtaona haya. Huenda dada yako au mhudumu wa kulipwa akafaa zaidi, na mwanao akashika usukani wa gari. Wiki 2 za kwanza ndizo zinazohitaji mtu karibu muda mwingi.

Watu pia husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, wakadhani yameisha. Kisha wiki ya 2 au ya 3 moyo unaanguka. Usingizi haushiki, mguu umevimba na una joto, wageni wamepungua, na swali linakuja: kwa nini nilikubali? Hali hiyo ni ya kawaida kiasi kwamba ningependa iandikwe kwenye karatasi ya miadi. Dawa ya maumivu imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya mazoezi, na dawa ya kulainisha choo ianze sambamba na vidonge vikali, kwa sababu hufunga choo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20. Mto usiwekwe chini ya goti, japo ndipo raha ilipo. Goti litazoea kujikunja na lisinyooke tena. Weka chini ya kifundo cha mguu, goti lining'inie. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kukunja digrii 90 kufikia muda huo ni lengo la kawaida. Ganzi upande wa nje wa kovu na mlio mdogo wa chuma na plastiki visikutishe. Shavu la mguu likiuma na kuvimba, pumzi ikikatika, kifua kikichoma, jeraha likitoa maji yasiyokoma au homa ikipanda, nenda hospitali mara moja.

Matumaini nayo yapimwe. Takriban magoti 8 kati ya 10 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini karibu mtu 1 kati ya 5 hatosheki na matokeo, na wengi wao walitarajia goti la ujana. Mwambie daktari kitu kimoja mahsusi unachotaka kukifanya tena, iwe kutembea kilomita 2 au kupanda ngazi bila kushika ukuta, akujibu kama goti hili litakifikisha. Kupiga magoti kwa wengi hubaki na karaha. Na kwa kuwa upasuaji huu si wa dharura, ukiona kidonda kipya, homa au kikohozi kizito wiki ile ya mwisho, piga simu hospitali kabla hujafunga begi. Tarehe husogezwa.