Kijiwe ndani ya makubadhi

Juma lililopita niliketi na hati ya kiapo ya kutafsiri, nikakwama kwenye neno moja la Kiingereza: scruples, lile linalomzuia mtu moyoni asitende ovu. Mwenye hati anamlalamikia nduguye juu ya urithi, asema hana scruples hata chembe. Nikaandika "hana haya". Nikafuta. Haya ni mbele za watu. Mtu aweza kujaa haya barazani, na usiku akasogeza mpaka wa shamba.

Basi nikalifuata neno lilikotoka. Kilatini ni scrupulus, kijiwe kidogo chenye ncha, mtoto wa scrupus, jiwe kali. Cicero, msemaji wa Roma ya kale, naye alishalitumia kwa lile linalomkera mtu moyoni. Nilicheka peke yangu. Vaa makubadhi upite Kibokoni, mtaa wa Mombasa, palipomwagwa changarawe za ujenzi: kijiwe kikishaingia, hakuna akionaye ila wewe, nawe hufiki mbali kabla ya kuinama. Dhamiri yetu tuliyoitoa kwenye Kiarabu, kilichofichwa ndani, ni neno zuri, lakini halichomi unyayo.

Lililonishika zaidi ni kwamba scruple ni kipimo cha uzito pia. Wauza dawa wa Uingereza waliitumia mizanini: greni 20, kama gramu 1.3. Tola ya kupimia dhahabu ni greni 180. Hesabu yake basi: tola moja, scruple 9.

Tola naijua kwa sababu ami yangu alikuwa sonara Mji wa Kale. Pete ikiletwa kutengenezwa, aliipima mwenye pete akitazama, na ikitoka akaipima tena. Jioni hunipa brashi. "Fagia polepole, baba. Vumbi hilo lina wenyewe." Nilikuwa na miaka 11. Siku moja nikaona kipande cha waya wa fedha ukingoni mwa mkeka, nikakitia mfukoni. Sikuwa na haja nacho. Kiling'aa tu.

Ami alishatangulia mbele ya haki, na sikumwambia. Kipande ninacho bado, kwenye mkebe wa vifungo. Juzi, nilipokwisha kutuma tafsiri (niliishia kuandika "hana kinachomsuta"), nilikipeleka kwa jirani auzaye zafarani, mwenye mizani ndogo. Gramu 0.4. Hata scruple moja haifiki.

Jirani akaniuliza kama nakiuza.