Majina ya Daftari la Ubatizo

Mwaka 2015 Dayosisi ya Dar es Salaam ya Kanisa Anglikana ilitimiza miaka 50, na parishi yetu ikaamua kuadhimisha mwanzo wake mwaka huohuo. Nilikuwa katibu wa vijana, nikapewa kazi ya kuandika risala. Niliianza kama zinavyoanza risala zetu zote: wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka vyuo vikuu vya Uingereza, na Askofu Tozer kufika Unguja mwaka 1864, Askofu Steere na kanisa kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, halafu John Sepeku, askofu wetu wa kwanza mwaka 1965, na askofu mkuu wa kwanza wa Tanzania mwaka 1970.

Yote kweli. Ila risala ile ungeweza kuisoma kanisa lolote la pwani. Sisi hatukuwamo.

Padri akanifungulia kabati la sakristia, akanitolea daftari la kwanza la ubatizo. Jalada limeachia uzi, pembe zimeliwa na mende, lakini wino unasomeka: jina la nyumbani, jina la ubatizo, wazazi, wadhamini, atokako. Hapo kwenye “atokako” nilikaa asubuhi nzima. Magila. Newala. Likoma. Unguja. Masasi, ambako Steere aliwapeleka watumwa waliokombolewa mwaka 1876. Watu waliokuja Dar kutafuta kazi bandarini, relini, jikoni kwa Wazungu, wakatafutana wasali pamoja. Na majina ya nyumbani: Songoro, Mabruki, Baraka, Majaliwa, ya aina waliyokuwa wakipewa watumwa. Soko la Mkunazini nililokuwa nikilisimulia kama habari za wengine lilikuwa limo katika kurasa zetu.

Nikanakili, nikaenda Buguruni kwa bibi mmoja, mjane wa katekista.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nisomee.”

Kila jina alikuwa na la kusema: huyu mpishi, huyu ndiye mpiga kengele, mke wa yule akifua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi ya mkaa Jumamosi usiku. Nikamsomea na risala. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Sasa wenyewe wako wapi?”

Kwenye kamati mzee mmoja alisema risala isizidi kurasa mbili, mgeni rasmi asije akachoka. Padri akaamua majina yasomwe ndani ya misa, kwenye sala za kuwaombea marehemu. Naamini mpaka leo kwamba ndipo mahali pake hasa.

Siku yenyewe nilisoma huku ubani bado umetanda. Sijafika mbali, mama mmoja benchi la nyuma akaitika kwa nguvu, “Babu yangu huyo!” Padri hakumkataza, na wengine wakafuata.

Baada ya misa watu wakanizunguka chini ya turubai, wakitaka wa kwao waongezwe: walioponda kokoto, waliochota maji ya kuchanganyia saruji, ambao daftari haliwajui kwa kuwa walibatizwa kwingine. Pilau ikapakuliwa, hotuba zikaanza, bado naandika. Karatasi zilipokwisha, padri akamtuma mtoto dukani kununua daftari jingine.